Jina na Mkono

Mwanadamu huhitaji chakula, malazi na mavazi, na katika mahitaji hayo matatu vazi ndilo linaloonekana kwanza na watu wengine. Chakula ulichokula asubuhi hakijulikani na mpita njia, na kitanda ulicholalia kimesitiriwa na kuta za nyumba yenu. Lakini nguo yako hutoa habari zako kabla hujafumbua kinywa. Kwa sababu hiyo si ajabu kwamba watu wa kila zama wamejivunia nguo zao. Ajabu ni jambo jingine lililozuka katika zama zetu: watu wameacha kujivunia nguo, wameanza kujivunia jina lililoshonwa ndani yake. Kijana huona fahari zaidi kwa kitambaa kidogo kilicho shingoni kuliko kwa sweta nzima. Mwenzake akikisoma kitambaa kile, yeye hutembea kama aliyevishwa taji.

Msomaji mpendwa, insha hii inakusudia kupigana na fahari hiyo. Haikuambii uvae matambara, wala haisemi kuwa kila mwenye duka ni mwivi. Inasema neno moja tu: kwamba jina la nguo lisilotaka kuujua mkono ulioishona halistahili sifa tunayolipa, hata likienea duniani kote. Ili neno hilo lisiwe lawama ya juu juu, tutachukua jina moja kubwa la Italia, tulifuate tangu lilipozaliwa hata lilipopanda kileleni na kuanza kushuka. Jina hilo ni Benetton.

Hadithi yake, kama inavyosimuliwa mara nyingi, ni tamu. Luciano Benetton alizaliwa mwaka 1935 katika eneo la Treviso, mji wa jimbo la Veneto, kaskazini mashariki ya Italia. Baba yake alifariki mwaka 1945, mwaka ule ule ambao Vita Vikuu vya Pili vilikwisha, akaacha mjane na watoto wanne: Luciano, Giuliana, Gilberto na Carlo. Luciano aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaajiriwa katika duka la nguo. Giuliana, dada yake, naye aliingia katika kazi ya kufuma angali msichana mdogo. Masimulizi ya familia husema kwamba mwaka 1955 Luciano aliuza kodiani yake, na baiskeli ya Gilberto ikauzwa pia, ili ipatikane fedha ya kununulia mashine kuukuu ya kufumia. Kwa mashine hiyo Giuliana alifuma sweta za rangi za kung'aa, wakati ambapo sweta nyingi madukani zilikuwa za rangi zilizopooza. Luciano alizichukua akazitembeza kwa wenye maduka. Mwaka 1965 kampuni iliundwa, na kiwanda kikajengwa Ponzano, nje kidogo ya Treviso. Duka likafunguliwa Belluno, mji ulio chini ya milima, na mwaka 1969 jina likavuka mpaka likafungua duka Paris, mji ambao ulijihesabu kuwa malkia wa mavazi.

Walio hodari wa kuhubiri utajiri huishika hadithi hiyo kwa mikono miwili. Husema: Tazama, yatima aliyeuza kodiani alipata dunia, nawe ukifanya bidii utapata kama yeye. Sitaki kuidharau bidii hiyo, maana ilikuwapo, na mtoto anayebeba mzigo wa mama mjane anastahili heshima. Lakini ukweli ukikatwa nusu huwa jirani wa uongo. Wazee wetu walituonya: usione vyaelea, vimeundwa. Mashine ile kuukuu haikujiendesha yenyewe. Tangu mwanzo hadithi hii ina watu wawili, anayeuza na anayefuma, na anayefuma ni Giuliana. Bila mikono yake, Luciano angalikuwa na baiskeli iliyouzwa na kodiani iliyonyamaza.

Hapo ndipo palipokuwa na uzuri wa siku zile za kwanza. Jina na mkono vilikaa nyumba moja. Mwenye kuuza alimjua mwenye kufuma kwa sura, kwa sauti na kwa uchovu wake. Mkono ungaliumia, wote waliokula meza moja naye wangaliliona jeraha. Sweta iliposifiwa, sifa ilimfikia aliyeifuma. Ilipokuwa na kasoro, lawama ilijua mlango wa kubisha. Kama ukuaji wa jina hili ungaliushika uzuri huo, insha hii ingalikuwa utenzi wa sifa.

Sasa tuangalie jinsi lilivyokua, maana ukuaji wake ulikuwa na akili nyingi. Desturi ya wafumaji ilikuwa kutia rangi uzi kwanza, kisha kuufuma. Desturi hiyo humlazimisha mfanyabiashara kubashiri, miezi mingi kabla, kama watu watapenda nyekundu au kijani. Akikosea, ghala lake hujaa sweta ambazo hakuna azitakaye. Benetton waligeuza mpango. Walifuma sweta nyingi kwa uzi usiotiwa rangi, wakaziweka, wakangoja habari kutoka madukani. Wanunuzi walipoelekea samawati, sweta zilitumbukizwa katika samawati. Walipoelekea manjano, zikatumbukizwa katika manjano. Katika miaka ya themanini walijenga huko Castrette ghala ambalo mitambo yake ilipanga na kupakia maboksi ikisimamiwa na watu wachache tu. Hiyo ni hekima ya biashara, na mwanafunzi anayetaka kuuza kitu chochote atafaidika akiikumbuka: kawia kuamua mpaka ujue, kisha amua upesi.

Lakini palikuwa na hekima nyingine, na hiyo ndiyo ninayoipinga. Maduka mengi yaliyobeba jina hilo hayakuwa mali ya kampuni. Yalikuwa ya wafanyabiashara wengine, waliopatikana kwa njia ya mawakala. Mwenye duka alipamba duka kwa fedha zake, alinunua nguo za Benetton peke yake, na zisipouzwa hakuwa na ruhusa ya kuzirudisha. Faida ya jina ilipanda kwenda Ponzano; hasara ya rafu ilibaki kwa mwenye rafu. Kadhalika upande wa kazi. Kampuni ilishika mkononi mwake kazi zinazotaka mitambo ya thamani, kama kukata vitambaa na kutia rangi. Kazi zinazotaka mikono mingi, yaani kuunganisha vipande, kushona na kumalizia, ziligawanywa kwa mamia ya karakana ndogo za Veneto, na kwa wanawake walioshona majumbani mwao. Agizo lilipokuwa kubwa, karakana zilikesha. Lilipokuwa dogo, zilikaa kimya, na kimya hicho hakikulipwa mshahara.

Nasema kwa haki kwamba karakana hizo zililisha watu. Veneto ilikuwa nchi ambayo vijana wake waliihama kwa makundi wakatafute riziki ng'ambo, na kazi ya sufu iliwafanya wengi wakae kwao. Isitoshe, mshonaji wa siku zile alikuwa bado karibu. Gari la kiwanda lilifika mlangoni kwake, na mwenye kiwanda aliweza kumkuta kanisani au sokoni. Walakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa. Mtu akizoea kumpa kazi asiyemwajiri, hujifunza pole pole kutouliza habari zake. Leo humwulizi wa kijiji cha pili. Kesho humwulizi wa nchi ya pili. Keshokutwa humjui kabisa.

Mkono ulipokuwa ukisogezwa mbali, jina lilikuwa likiletwa karibu na kila jicho. Mwaka 1982 kampuni ilianza kufanya kazi na mpiga picha Oliviero Toscani, na kwa miaka 18 matangazo yake yalitikisa miji. Mwaka 1989 ilionekana picha ya mwanamke mweusi akimnyonyesha mtoto mweupe. Mwaka 1992 ilionekana picha ya kijana wa Marekani anayekufa kwa UKIMWI, baba yake amemkumbatia kichwa. Mwaka 1994 zilionekana nguo zenye damu za askari aliyeuawa katika vita vya Bosnia. Katika kila picha palikuwa na kibandiko cha kijani chenye jina la kampuni. Watu wengine walisifu ujasiri huo, wengine walilaani kwamba huzuni ya wanadamu imefanywa chambo cha mauzo. Lakini wote, waliosifu na waliolaani, walilitaja jina. Jina likaingia pia katika mashindano ya magari, na mwaka 1994 na 1995 Michael Schumacher alitwaa ubingwa wa dunia akiendesha gari lililoitwa Benetton. Hisa za kampuni zilikuwa zimekwisha kuanza kuuzwa katika soko la Milan mwaka 1986, na maduka yakahesabiwa kwa maelfu katika nchi zaidi ya 100.

Msomaji, simama hapa kidogo ufikiri. Picha zile zilisema kwamba watu wa rangi zote ni ndugu. Neno hilo ni la kweli, na heri mwenye kulisema. Lakini udugu una masharti. Ndugu wa kwanza wa muuza nguo ni mshona nguo, na picha zilizovuma hazikuwa picha za mshonaji. Kilio cha mgonjwa wa mbali kilipata ukuta mzima wa mji. Kazi ya mwanamke aliyeunganisha mikono ya sweta haikupata hata pembe ya kibandiko. Ni rahisi kuwapenda wanadamu wote kwa jumla. Upendo wa jumla haudai hesabu. Kazi ngumu ni kumpenda yule mmoja ambaye kazi yake imo ndani ya faida yako.

Mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, nguo za majina makubwa ya Ulaya zilizidi kushonwa mbali na Ulaya, katika nchi ambazo ujira ni mdogo. Benetton nayo ilifuata njia hiyo. Ilikuwa na kazi Tunisia na Kroatia, tena ikanunua kwa watengenezaji wa Asia. Kazi ilipita mkono kwa mkono: kampuni humwagiza mtengenezaji, mtengenezaji humwagiza mwingine, naye huyo humwagiza wa tatu. Kila mkono ulipunguza kidogo katika bei, na kila mkono ulipunguza kidogo katika ujuzi wa nani hasa anashona.

Kisha ikaja siku ya kulipima jina. Huko Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, palikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na maduka, benki na viwanda vitano vya kushona nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika kuta. Benki ilifunga mlango na kuwaondoa watumishi wake. Washonaji walitoka pia, lakini asubuhi ya pili waliamriwa warudi kazini, na waliositasita walitishwa kwamba watakosa mshahara. Umeme ulikatika, mashine kubwa za kuzalisha umeme zilizokuwa juu zikawashwa, jengo likatetemeka, na kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 24 Aprili lilianguka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na wengine wapatao 2,500 waliumia. Wengi wao walikuwa wanawake vijana, ambao baadhi yao hawakukuzidi wewe umri kwa miaka mingi.

Wazee husema jina jema hung'ara gizani. Giza lilikuwa limeshuka Savar. Je, jina liling'ara? Jibu la kwanza la Benetton lilikuwa kukana: viwanda vile, ilisemekana, havikuwa miongoni mwa vinavyoishonea. Lakini katika vifusi ziliokotwa nguo na karatasi za maagizo zenye jina hilo. Ndipo kampuni ilipokiri kwamba kiwanda kimoja cha humo, New Wave Style, kilikuwa kimepewa kazi yake na mtengenezaji mwingine, tena kwamba kazi ile ilikuwa imekwisha. Mwaka 2015, baada ya watu zaidi ya milioni moja kutia sahihi zao kuidai, kampuni ilitoa dola milioni 1.1 katika mfuko wa fidia wa waathiriwa. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu siku ya vifusi.

Wako wanaodhani kwamba aliyekana alikuwa mwongo. Mimi nasema yamkini hali ilikuwa mbaya kuliko uongo. Mwongo hujua ukweli akauficha. Yamkini walioulizwa siku ile hawakujua, kwa kuwa njia yote ya biashara yao ilikuwa imejengwa hata isiwalazimu kujua. Kampuni iliyojua, kwa siku chache tu, rangi gani inapendwa katika duka la mji wowote, ilihitaji vifusi vya jengo ili ijue nani ameishonea shati. Hapo kutojua si bahati mbaya. Mtu akiwa na macho makali ya kuona fedha inakotoka, na upofu wa kuona jasho linakotoka, basi upofu huo ameuchagua.

Watetezi wa majina makubwa wana hoja tatu, na haifai kuzipita kana kwamba hazikusemwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba kazi ile, hata ikiwa na ujira mdogo, ni heri kuliko njaa. Jina likijiondoa, mshonaji atapoteza hata kidogo alicho nacho. Hoja hii ina nguvu, nami sisemi jina lijiondoe. Nasema lisogee karibu. Kati ya kumnyima mtu kazi na kumfungia katika jengo lenye ufa iko njia ya tatu, nayo ni kuutazama ukuta. Hakuna shati ambalo bei yake haiwezi kustahimili gharama ya fundi mmoja wa majengo kupita na kuutazama ukuta.

Hoja ya pili ni kwamba mkosa alikuwa mwenye jengo, aliyeongeza ghorofa kinyume cha sheria, pamoja na wenye viwanda waliowarudisha watu ndani. Kweli walikosa, na serikali ya nchi ilikuwa na wajibu wake pia. Lakini jina hudai sifa za kila mshono nguo inapopendeza. Hulipisha bei kwa sababu ya mshono huo. Haiwezekani mtu awe baba siku ya harusi na mpita njia siku ya matanga. Aliyekubali sifa ya kazi amekubali na dhima yake.

Hoja ya tatu ni kwamba wote hufanya hivyo. Ni kweli kwamba Benetton haikuwa peke yake. Majina mengine mengi ya Ulaya na Amerika yalihusika na jengo lile. Lakini wingi wa wakosaji haujapata kuligeuza kosa kuwa haki. Tena hoja hii ilibomolewa na yaliyofuata. Mwaka ule ule wa 2013 ulitiwa sahihi mkataba wa usalama wa majengo na moto katika Bangladesh, wenye nguvu ya sheria, baina ya makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi. Makampuni zaidi ya 200 yaliuingia, Benetton mojawapo, na viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Jambo hilo ni jema, nalo lisifiwe. Lakini linatufunulia siri: kumbe iliwezekana! Viwanda vilikuwa vinahesabika, kuta zilikuwa zinakagulika, na mshonaji alikuwa anajulikana. Kilichokosekana kabla ya Aprili 2013 hakikuwa uwezo. Kilikuwa nia.

Jina lenyewe lilipata nini mwishoni? Mwaka 2012 lilikuwa limekwisha kuondoka katika soko la hisa. Sehemu kubwa ya utajiri wa familia ilikuwa imehamia katika barabara za kulipia, mikahawa ya njiani na mali nyinginezo. Katika soko la nguo majina mengine, kama Zara la Hispania na H&M la Uswidi, yalijaza maduka upesi kuliko mwalimu wao. Mwaka 2024 Luciano, akiwa na umri wa miaka 89, aliacha uenyekiti huku akitangaza hasara ya kiasi cha euro milioni 100. Wataalamu watataja sababu nyingi, nami sibishani nao. Lakini jambo moja linaonekana hata kwa asiye mtaalamu. Kampuni yenye mkono wake yenyewe ina ujuzi ambao mwenzake hawezi kuuiga kwa siku moja. Kampuni iliyobaki na jina tu, ilhali mikono inakodiwa, haina siri: kila mwenye fedha anaweza kuikodi mikono ile ile. Sweta za Giuliana zilikuwa na mwenyewe. Shati la Savar halikuwa na mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huchukuliwa na yeyote.

Huenda sasa ukauliza: Habari za Treviso na Savar zinanihusu nini mimi, niliyeketi darasani Kenya? Zinakuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, itazame sweta yako ya shule. Sweta nyingi za shule zetu hufumwa hapa hapa nchini, na baadhi yake hufumwa na mama mmoja katika chumba kidogo cha mjini, mbele ya mashine isiyo kubwa kuliko ile iliyonunuliwa kwa bei ya kodiani. Huyo ndiye Giuliana wetu. Kijana aionaye haya sweta hiyo kwa kuwa haina jina, kisha akaenda Gikomba kutafuta katika marundo ya mitumba nguo iliyochakaa yenye jina la Ulaya, amekosea hesabu. Simlaumu kwa kununua mitumba. Umaskini hauna mjadala, na nguo kuukuu nzuri ni nguo. Namlaumu akimcheka mwenziwe aliyevaa kazi ya mikono ya jirani yao. Amechagua jina ambalo halimjui, akaudharau mkono unaomjua.

Pili, wako ndugu zetu wanaoshona huko Athi River, katika viwanda vilivyostawi kwa ajili ya soko la Marekani baada ya sheria yake ya biashara na Afrika ya mwaka 2000. Nguo wanazoshona hutoka bandari ya Mombasa zikiwa na majina ya watu wengine. Kwa hiyo sisi si watazamaji tu wa jambo hili. Mkono ulio nyuma ya jina, safari hii, ni mkono wa shangazi yako au dada yako. Kila neno ulilosikitika nalo kwa ajili ya mwanamke wa Savar, lifikishe na kwake: ana mlango wa kutokea moto ukiwaka? Ana chama cha kumsemea? Katika viwanda vile vitano vya Rana Plaza hakikuwapo chama cha wafanyakazi hata kimoja, na ndiyo maana benki iliyoona ufa iliondoka, lakini washonaji walioona ufa ule ule walirudi ndani.

Tatu, baadhi yenu mtakuwa wafanyabiashara. Kizazi chenu kina vijana wenye macho ya rangi na akili ya soko, na hakuna sababu jina kubwa la nguo lisizaliwe Thika, Eldoret au Mombasa. Siku hiyo ikija, jifunzeni kwa Benetton mambo mema: kupenda rangi, kungoja habari kabla ya kuamua, kuthubutu kuvuka mpaka. Lakini wekeni madaftari mawili. Katika la kwanza andikeni mauzo. Katika la pili andikeni mikono: nani ameshona, wapi, kwa ujira gani, chini ya dari gani. Daftari la pili likianza kuwa tupu wakati la kwanza linajaa, jueni kwamba hamkui tena. Mnavimba tu, na mwili uliovimba si mwili ulionenepa.

Na ninyi nyote, wenye kuuza na wenye kuvaa, kila mkutanapo na jina la nguo ulizeni maswali matatu. Nani ameishona? Ameishonea wapi? Naye akisema kwamba ukuta una ufa, itakuwaje juu yake? Swali la tatu ndilo kubwa, maana mahali ambapo mshonaji anaweza kusema hivyo na akabaki na kazi yake, mengi mengine yamekwisha kutengenea. Wauzaji wengi hawatakuwa na jibu mwanzoni. Ulizeni hata hivyo. Kampuni iliyojifunza kuifuata rangi mnayoipenda itajifunza na kulifuata swali mnalolirudia, kwa kuwa yote mawili hutoka katika mfuko mmoja, nao ni mfuko wenu.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakimsema chawa, na kwa mfano wakamsema adui wa karibu. Leo maneno hayo yanafaa kwa fahari ya jina. Imo nguoni mwetu, inatula taratibu, inatufanya tujione wakubwa kwa kazi ya watu tusiowaamkia. Itoe, msomaji, uendelee kuivaa nguo yako kwa furaha. Isifu ikiwa imeshonwa vizuri. Lakini sifa hiyo mpelekee mwenyewe, aliyeketi mbele ya cherehani.